Sweta ya Mwende Isiyo na Vifungo

Gerezani, Machakos
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Dada Saru,

Nakusalimu kutoka huku, na kupitia kwako namsalimu Mama. Natumaini barua hii inakukuta umesimama, na kwamba lile goti lililokusumbua Krismasi limekubali tena kukufikisha kanisani. Huko Wundanyi najua sasa ukungu hautoki mpaka saa nne. Je, Mama anaota moto jikoni? Anamaliza chakula chake? Mkono wake wa kulia bado unakufa ganzi? Niandikie yote, hata yale unayodhani yatanihuzunisha. Mimi mwili wangu hauna neno. Nilishikwa na homa mwezi uliopita, ikapita. Nakula, nalala, nafanya kazi.

Umeniandikia barua mbili nikanyamaza. Sikuwa nimelemewa na ugonjwa, wala hatukunyimwa karatasi. Nilikuwa na mambo mawili ya kukuambia, na kila nikishika kalamu naandika la kwanza halafu nashindwa na la pili, nachana karatasi. Leo nitaandika yote mawili, nikikosea nitafuta kwa kalamu niendelee.

La kwanza ni hili. Rufaa imetupwa. Majaji walisoma uamuzi wao wakiwa huko kwao, sisi tukaangalia kwenye skrini katika chumba kimoja hapa. Sauti ilikuwa inakatika. Nilisikia jina langu, nikasikia maneno mengi ya sheria, kisha afisa aliyekaa karibu nami akaniambia polepole, "Wamekataa, Wakesho." Nikamuuliza kama wamemaliza. Akasema wamemaliza. Skrini ikamwonyesha mtu mwingine, na kesi nyingine. Kwa hiyo ile miaka ishirini iko palepale. Hata nikipunguziwa kwa mwenendo mwema, nitatoka binti yangu Mwende akiwa mwanamke mzima. Wakili alisema hakuna pengine pa kupeleka kesi hii kwa sasa. Alinipa pole, akakata simu.

La pili lazima nianze mbali kidogo, kwenye sweta.

Unakumbuka ulivyonifundisha kroshia tukiwa wasichana, tukifuma vile vitambaa vya kufunika viti vya Baba? Mimi sikuvuka hapo. Mnyororo na kitambaa cha mviringo, basi. Huku kuna karakana ya kazi za mikono, na mwaka jana nilihamishiwa huko kutoka shambani. Asubuhi tunapewa sindano za kroshia kwa hesabu, na jioni zinarudishwa kwa hesabu. Uzi unaletwa na watu wa makanisa wanaotutembelea, mwingine mpya, mwingine vipande vilivyobaki majumbani mwao. Tunafuma kofia za watoto, shali, vitambaa. Mwalimu wetu ni afisa, tunamwita Madam. Lakini aliyenifundisha hasa ni mama mmoja mfungwa mwenzangu, mtu wa Muthetheni, anaitwa Ndinda. Amekaa huku kuliko sisi wote. Kosa lake silijui, hatuulizani. Ana wajukuu ambao hajawahi kuwashika, na wote amewafumia.

Siku ya kwanza aliniangalia nikifuma, akaninyang'anya kazi mkononi.

"Wewe msichana wa Taita, mkono yako inakimbia. Nani anakufukuza? Uzi haina haraka."

Akafumua mistari yangu yote, akanirudishia uzi mtupu. Nilitaka kulia. Baadaye nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo.

Yeye ndiye aliyenipa wazo la sweta. Nilikuwa nimemwambia kwamba nina binti, na kwamba nilimwacha akiwa na miaka tisa. Sasa ana kumi na mitano. Nikamwambia ningependa kumfumia kitu lakini sijui alivyo. Sijui kama ni mnene au mwembamba. Sijui kifua chake kikoje sasa.

Ndinda akasema, "Kama hujui kifua yake, fanya ya mbele wazi. Bila vifungo. Hiyo haikatai mtu."

Basi nikaanza. Madam aliniruhusu nitumie uzi wa rangi ya maziwa, ambao mama mmoja wa kanisa alikuwa ameleta mwingi wa aina moja. Nilianza na mgongo, mnyororo wa vifundo tisini, nikapanda. Ndinda hakutaka nifume kitu laini kitupu kama shuka. Alinifundisha kuinua uzi. Badala ya kuingiza sindano kwenye kichwa cha kifundo cha mstari wa chini, unaipitisha nyuma ya shingo yake, ukivuta kinasimama, na ukifanya hivyo mstari kwa mstari unapata mbavu zinazopanda kutoka kiunoni hadi begani. Katikati ya mbavu mbili unaweka vinundu. Unauvuta uzi mara tano katika tundu moja, kisha unaifunga mizunguko yote mitano kwa mpigo mmoja, na kinachotoka ni kinundu kigumu ukubwa wa punje ya mbaazi. Nilifuma vinundu hivyo mpaka kidole changu cha shahada kikaota sugu. Vile vilivyokaa vibaya Ndinda alivibonyeza kwa gumba, akisema, "Hii imelala. Amsha."

Dada, ile miezi mitano ndiyo iliyokuwa na nafuu tangu niingie huku. Sitasema nilikuwa na furaha. Lakini asubuhi nilikuwa na mahali pa kuanzia. Nilifuma mgongo, nikafuma pande mbili za mbele, zilizonyooka tu, zisizokutana. Mabega nilipima kwa msichana mmoja mahabusu wa miaka kumi na minane, nikakisia. Mikono pia nilipima kwake. Mwisho nikazungusha ukingo mmoja mrefu, kutoka pindo la kulia, kupita shingoni, hadi pindo la kushoto. Wenzangu waliishika wakasema inauzika dukani. Madam akaivaa juu ya sare yake dakika moja, akajizungusha, tukacheka.

Nikamwomba afisa wa ustawi ampigie Mbithe. Unamkumbuka Mbithe, dada yake Kyalo baba Mwende, yule mdogo aliyetuletea chai siku ile ya kesi wakati ndugu zake wengine hawakutuangalia usoni. Siku hizi ana saluni Mumbuni. Kyalo mwenyewe usiniulize. Yuko Mavoko, ana mke na watoto wengine wawili, na tangu siku ya hukumu sijamwona. Simlaumu. Niliyemuua ni ndugu yake.

Mbithe alifikiria wiki nzima, kisha akakubali kumleta Mwende siku ya kutembelewa. Masharti yake ni kwamba Susu asijue. Susu ndivyo watoto wa huku wanavyomwita nyanya. Huyo ni mama mkwe wangu, mama yake Kyalo na marehemu Musyoka. Ndiye anayemlea binti yangu huko Kangundo, katika boma lile lile. Anamlisha mtoto wa aliyemuua mwanawe, na Mbithe anasema hajawahi kumpiga hata kofi.

Siku yenyewe niliamka nikajisikia kama mtu anayekwenda kuchumbiwa. Waliniita jina saa tano. Nilikaa kwenye benchi upande wangu wa meza, Madam akaniletea sweta kutoka ofisini baada ya kuikagua, nikaiweka magotini.

Wakaingia. Dada, sikumjua. Niliona msichana mrefu amevaa sare ya shule, akitembea kama Kyalo, mabega mbele, nikaendelea kuangalia mlangoni nikimngoja Mwende. Mpaka Mbithe aliposema, "Si huyu?"

"Umekuwa mrefu," nikamwambia.

"Ndio."

"Shule inaendaje?"

"Iko tu sawa."

"Susu hajambo?"

Akamwangalia shangazi yake, kisha akasema, "Susu ako."

Nilikuwa nimepanga maneno miezi mitano na yote yakanikimbia. Nikampa sweta. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifungua. Akapitisha vidole kwenye vinundu, kimoja kimoja, akishuka na mstari. Nilimwona akihesabu kwa midomo kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Mbithe akasema, "Vaa basi mama yako aone."

Akavaa juu ya sare. Mabegani ilikaa. Mbele ilikaa vizuri. Lakini mikono iliishia katikati ya kigasha. Ana mikono ya kina Kyalo, mirefu. Niliivuta ile mikono ya sweta kama mjinga, nikidhani itanyooka.

"Ni fupi," akasema.

"Nitaongeza. Niachie, nitaongeza vidole vinne, mtakuja tena..."

Akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kati yetu. Kisha akamgeukia Mbithe.

"Anti, naweza ongea na yeye peke yangu?"

Mbithe aliniangalia, akainuka, akaenda kusimama karibu na dirisha.

Kabla sijakuandikia alichoniuliza, lazima niandike kilichotokea siku ile Kangundo. Najua unaijua hadithi. Uliisikia kwangu, ukaisikia mahakamani, na umeisimulia kanisani kwetu. Lakini ile unayoijua ni ile niliyoisema. Hii sijawahi kuiandika.

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Tangi la boma liko juu ya jukwaa la mawe na simiti, lenye ngazi tatu. Musyoka alikuwa amefunga bomba kwa kufuli, akisema tangi ni la mama yake na sisi tumezidisha kuchota. Nilipanda na mtungi wangu nikamkuta juu, nikamwomba afungue. Tukarushiana maneno. Yeye alisema mimi ni mgeni pale, nirudi kwetu Taita nikachote maji huko. Nami nikamtukana kwa mama yake. Mpaka hapo ni kama nilivyosema mahakamani.

Mahakamani nilisema kwamba alinipokonya mtungi akauinua anipige, nami nikamsukuma kujiokoa. Hakuuinua, Dada. Hakunipokonya chochote. Alisema, "Sina maneno na wewe," akageuka, akaanza kushuka. Alikuwa amenipa mgongo. Nikamsukuma kwa mikono yangu miwili. Alianguka mbele, kichwa kikagonga ukingo wa simiti, na hakuamka. Alifariki garini kabla hawajamfikisha hospitali.

Sikutaka afe. Hilo ni kweli, na utaliamini au usiliamini. Nilitaka aanguke. Nilitaka ajisikie vibaya.

Nilipogeuka, Mwende alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni ameshika kikombe. Alikuwa ameona. Watu walikuwa wanakuja mbio kutoka shambani, nami nilikuwa na muda mfupi sana. Nikamkimbilia, nikamshika mabega, nikamwambia, "Wewe ulikuwa ndani. Wakikuuliza, ulikuwa ndani, hukuona kitu." Akaitikia kwa kichwa. Polisi walipomuuliza alisema alikuwa ndani. Hakuna aliyemuuliza tena.

Sasa turudi kwenye meza ile. Mbithe yuko dirishani, sweta imekunjwa kati yetu. Mwende akasema, "Niko na swali moja. Moja tu."

"Uliza, mwanangu."

"Ulisema Anko Musyoka alitaka kukupiga na mtungi."

Nikaunyoosha ukingo wa sweta kwa kidole.

"Mimi niliona mgongo wake. Alikuwa anaenda."

Dada Saru, mtoto huyo alikuwa ametoka Kangundo kwa siri, akamdanganya nyanya yake, akaja kukaa mbele yangu ili nimwambie neno moja tu. Niseme ndiyo. Na unajua nilisema nini? Rufaa ilikuwa bado haijaamuliwa. Wakili alikuwa amenionya nisizungumze habari za siku ile na mtu yeyote. Afisa alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwetu. Niliwaza hayo yote haraka, na mdomo wangu ukatangulia.

Nikamwambia, "Wewe ulikuwa ndani."

Aliniangalia sana. Hakulia. Ningeshukuru kama angelia.

"Hiyo ndiyo uliniambia niseme," akasema.

Kisha akaniambia jambo ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie. Kila mwaka siku ya kumkumbuka Musyoka, watu wakishaondoka, Susu humwita Mwende akae karibu naye. Humuuliza kama ni kweli mwanawe alikuwa mtu wa kupiga wanawake. Anasema, "Mimi nilimlea, sikumwona hivyo, lakini imesemwa kortini mbele ya watu." Na Mwende humjibu kila mwaka, "Sijui Susu. Nilikuwa ndani."

"Nimechoka kumwambia hiyo," akasema.

Nikanyoosha mkono nimshike. Akarudisha wake chini ya meza. Akainuka, akamwita shangazi yake. Mbithe akamwambia abebe sweta. Akasema hapana. Mbithe akasema, "Beba tu, si utaivaa nyumbani kwangu." Akasema, "Anti, twende." Hakunipa mkono. Mbithe aligeuka mlangoni akanipungia, yeye hakugeuka.

Sweta ilibaki mezani mpaka afisa akaichukua.

Unaweza kudhani hapo nilipata akili. Sikupata. Kesho yake nilirudi karakana nikaanza kuongeza mikono. Ule uzi wa rangi ya maziwa ulikuwa umekwisha, nikapewa mwingine unaokaribiana nao, wa manjano kidogo. Nikafuma mbavu tupu, vidole vinne kila mkono, nikijidanganya kwamba nikitoka kwa rufaa nitampelekea mwenyewe na tutazungumza nyumbani kama mama na mwana. Ndinda aliniangalia siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, "Alikataa sweta ama alikataa wewe?" Niliinamia mkono wa sweta. Akaendelea na kazi yake.

Wiki mbili baadaye ndipo skrini ikasema ilichosema.

Nataka uelewe nilivyokaa baada ya hapo. Nilikuwa na binti mbele yangu na nilikuwa na rufaa mbele yangu, na nikamtoa binti ili nisiharibu rufaa. Kisha rufaa yenyewe ikaenda. Nimejaribu kumpigia Mbithe kupitia kwa afisa wa ustawi mara tatu. Mara ya tatu Mbithe alisema nimpe muda, kwamba Mwende amekataa habari zangu kutajwa, na kwamba Susu alipata kujua walikokwenda. Hakusema Susu alifanya nini. Alisema tu, "Imekuwa ngumu huku," na biashara ya kunitembelea ikaishia hapo.

Sweta nilimwambia Madam aiweke na vitu vya maonyesho. Kila baada ya muda watu wa nje huja kuangalia kazi za wafungwa na kununua. Ilitundikwa mbele. Mwanamke mmoja mwenye umri kama wako aliishusha, akaivaa palepale, akaangalia mikono ile yenye rangi mbili, akamwambia mwenzake, "Hii imefanywa hivi makusudi, ni fashoni." Ilimtosha kabisa. Akaondoka nayo mwilini. Niliifuata kwa macho mpaka langoni, na nilipotaka kujua kama naumia, sikusikia kitu. Ndivyo nilivyo siku hizi, Dada. Nafuma kofia.

Sasa nakuja kwenye ombi, na najua ni zito.

Wewe ulisimama mahakamani, Susu akiwa ameketi safu ya mbele, ukasema mdogo wako hajawahi kuinua mkono wake juu ya mtu. Ulisema kwa roho safi kwa sababu nilikuwa nimekudanganya wewe kwanza. Na najua kwamba kila Jumatano mnakutana na akina mama wenzako kuniombea nifunguliwe kwa sababu sina hatia. Naomba mwache. Msiombe hivyo tena. Kila ulipoandika habari za maombi hayo niliziruka nikasoma habari za ng'ombe.

Goti lako likikubali, nenda Kangundo. Ukienda, kaa na Susu, na umwambie kwamba mwanawe hakuinua mkono wala mtungi. Mwambie aligeuka kuondoka, kwamba alikuwa ameamua kuacha ugomvi, na mimi nikamsukuma mgongoni. Mwambie kwa maneno hayo hayo, usiyapunguze. Yeye hasomi, na barua yenye muhuri wa gereza haitafika mlangoni kwake. Simu pia siwezi, kwa jambo kama hili. Mbithe naye ni dada wa marehemu, nitamwambiaje ambebee mama yake maneno haya? Lazima awe mtu wa upande wetu, asimame katika boma lao aseme kwamba tulidanganya. Sina mwingine.

Na Mwende awepo ukisema. Aseme mtu mzima, mbele ya nyanya yake, kwamba yeye hakuwa ndani. Kwamba aliona alichoona. Kwamba aliambiwa na mama yake aseme uongo akiwa na miaka tisa, na kosa si lake hata kidogo. Usimwombe anisamehe. Usimwombe aje kunitembelea. Usimpelekee salamu zangu, labda akuulize mwenyewe. Ukimaliza kusema, wakikufukuza, ondoka. Wakikupa chai, kunywa.

Najua nakutuma ukaaibike kwa ajili yangu mara ya pili, na safari hii kwa macho yaliyo wazi. Afisa atakayesoma barua hii kabla yako, naye asome tu. Sina cha kuficha tena, na hakuna mtu anayekiulizia.

Kuhusu Mama nakuachia wewe. Kama unaona itamuua, usimwambie. Kama unaona anajua tayari, na wakati mwingine nadhani anajua, kwa jinsi ambavyo hajawahi kuniuliza, basi mwambie.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu, uniombee radhi kwake kwa nauli zote zile za kuja kwenye kesi. Msalimie kaka yetu Mwakio na mke wake, na mtoto wao aliyezaliwa ambaye sijui jina lake. Msalimie mjomba Mganga pale juu, kama bado anatembea. Mchungaji msalimie, na umwambie wewe mwenyewe kwa nini maombi ya Jumatano yamebadilika, asisikie kwa watu. Ndinda anakusalimu. Hajui nilichokuandikia, ila ameniona nikiandika tangu tutoke ibadani, na amenisogezea kiti chake chenye mto.

Kwa miaka sita hujaacha barua yangu hata moja bila jibu, hata ile niliyokuandikia matusi. Kwa hiyo safari hii nisipopata jibu sitadhani imepotea njiani. Nitajua imefika, na umeisoma.

Mdogo wako,
Wakesho